Ua la Usiku, Kifua cha Mtoto

Dada yangu aliniachia mmea wake asubuhi aliyopita Embu akielekea Nairobi kupanda ndege ya Uarabuni. Alikuwa ameshuka kutoka mji wa Maua na begi moja kubwa na ndoo ya rangi iliyofunikwa kwa leso, na nilipompokea stendi nilidhani ndani ya ndoo kuna chakula cha safari. Akafunua. Ndani kulikuwa na kitu cha kijani, bapa, kilichojipinda huku na huku kama mikanda iliyotupwa.

"Ni malkia wa usiku," akasema. "Usiniangalie hivyo. Ni kaktasi, lakini haina miiba."

"Nifanye nayo nini?"

"Uiweke ndani, karibu na dirisha, isipigwe na jua la mchana. Usiinyweshe maji kila siku kama ng'ombe. Na usiihamishie ndoo kubwa, inapenda mizizi kubanwa."

Huko Maua alikuwa akiuza chai na chapati kwa wafungaji wa miraa, wale wanaoamka kabla ya jogoo ili pikapu ziondoke na mzigo. Alipewa kipande cha mmea huo na mama mmoja waliyekuwa wakiuza pamoja. Yule mama alimwambia kwamba unatoa ua moja jeupe usiku, ua kubwa kama sahani, na asubuhi limekwisha. Dada aliutunza miaka yote aliyokaa pale na haukuwahi kutoa hata tumba. Sasa alikuwa anaenda kufanya kazi katika nyumba ya watu asiowajua, na kitu alichokataa kumwachia mtu mwingine ni hicho.

Nikakibeba hadi mtaa wa Dallas, hapo hapo Embu, tunakopanga vyumba viwili kwenye ghorofa ya juu. Mke wangu alikuwa anasahihisha vitabu vya wanafunzi wake. Aliinua macho, akaiangalia ndoo muda mrefu.

"Hii ni mboga ama ni nini?"

"Ni maua."

"Maua iko wapi?"

Niliiweka kwenye kona ya sebule, dirisha la upande wa mashariki, na nikaanza kuitunza kwa sababu niliahidi. Nafanya kazi katika duka la agroveti mjini, nawauzia watu mbegu na dawa za mifugo, kwa hiyo nilijua udongo mzito ungeoza mizizi. Nikachanganya maganda ya kahawa na vipande vidogo vya makaa, nikaongezea juu. Nikaifunga mikono yake kwenye vijiti ili isimwangukie mtoto wetu. Kila Jumapili baada ya kanisa niliipangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Mke wangu alikuwa akicheka, akisema ninaiogesha vizuri kuliko ninavyomwogesha binti yetu.

Kicheko hicho kilikoma mtoto alipoanza kuugua kifua.

Alikuwa na miaka mitatu mara ya kwanza. Tulisikia usiku sauti kama mluzi mwembamba, tukadhani ni upepo kwenye dirisha. Mke wangu alipomwinua, mluzi ulikuwa unatoka ndani yake. Daktari alisema ni pumu, akatupa inhela na kifaa cha plastiki cha kumvutishia, kisha akatuhesabia vya kuepuka: vumbi, moshi, baridi, manyoya, na harufu kali ya aina yoyote. Mke wangu aliyashika maneno yale kama amri za Mungu. Zulia likatoka. Mapazia mazito yakatoka. Pafyumu yake ya harusini, ambayo ilikuwa bado nusu, aliimwaga chooni mbele yangu. Paka wa kienyeji aliyezoea kuingia kwetu akafukuzwa kwa ufagio.

Mmea ulibaki. Haukuwa na harufu yoyote. Haukuwa na chochote.

Binti yetu alipofika miaka mitano, ile baridi ya Julai ilikuja mbaya. Ukungu ulishuka asubuhi ukakaa hadi saa sita, manyunyu hayakukoma, na nguo zilikuwa zikianikwa zinarudi na maji yale yale. Katika baridi hiyo, nikiwa napangusa mmea, niliona kwenye ukingo wa mkono mmoja kidoadoa chekundu kama kichwa cha kiberiti. Chini kidogo kulikuwa na kingine. Nikapiga picha, nikamtumia dada.

Alinipigia usiku huo huo. Alikuwa ananong'ona. Katika nyumba aliyofanyia kazi hakuruhusiwa simu mpaka kazi zote ziishe, na kazi zilikuwa haziishi.

"Muga, ndugu yangu," akanisalimu kwa Kimeru. "Ni kweli? Si ukungu wa majani?"

"Ni matumba. Mawili."

Akasema haraka haraka, kama mtu anayeogopa mlango kufunguliwa, "Usiisogeze. Hata kuizungusha, usiizungushe. Yule mama aliniambia ukiisogeza ikiwa na tumba inaliangusha. Na siku ikifunguka unipigie video. Hata nikiwa nimelala. Nitaingia stoo nijifungie, niione. Sikia, mimi hapa sioni kitu. Naona ukuta na vyombo."

Nikamwambia nitampigia.

Mke wangu alikuwa amesikia. Kesho yake jioni nilimkuta ameketi na simu, mtoto amelala mapajani.

"Nimesoma kuhusu hiyo maua yenu," akasema. "Wanasema ikifunguka inanukia nyumba nzima. Wengine inawauma kichwa. Ulikuwa unajua?"

"Dada alisema inanukia vizuri."

"Sijauliza kama ni vizuri." Sauti yake ilikuwa ya chini, ile anayotumia darasani akikasirika kweli. "Hii nyumba ina vyumba viwili. Huyu akivuta hiyo harufu usiku nitafanya nini?"

"Ikitolewa sasa itaangusha matumba."

"Basi iangushe."

"Ni ya dada. Unajua vile anaishi huko."

"Najua. Namwombea kila siku. Lakini huyu ni wako."

Mwishowe tulikubaliana jambo ambalo halikumfurahisha yeyote. Mmea ungekaa pale pale hadi siku ya kufunguka, kwa sababu kabla ya hapo hauna harufu. Siku hiyo, kabla giza halijaingia, ningeubeba hadi kwenye koridoo ya nje. Kama tumba litaanguka, litaanguka.

Kuanzia hapo nyumba yetu ilikuwa na macho mengi. Mimi nikiingia naangalia tumba. Mke wangu akiingia anaangalia mtoto. Matumba yalirefuka, kila moja likaning'inia kwenye shina jekundu lililojikunja kama kiko cha mzee. Mtoto naye akapata mafua shuleni, na usiku akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, kinachokuja unapoanza kusinzia. Mke wangu alilala ameketi, mgongo ukutani, mkono juu ya kifua cha mtoto.

Asubuhi moja nililikuta tumba moja sakafuni. Lilikuwa limenyauka shingoni. Nililiokota nikasimama nalo.

"Sijaigusa," mke wangu akasema kutoka mlangoni, kabla sijauliza. "Nilifagia, lakini sikuigusa."

"Sijasema kitu."

"Umesimama vile mtu anasimama akitaka kusema."

Nikalitupa. Siku ile tulizungumza mambo ya unga na sare za shule tu. Dada alipouliza kwenye ujumbe matumba yanaendeleaje, niliandika kwamba limebaki moja. Hakujibu hadi siku ya pili, akaandika neno moja tu: sawa.

Ilikuwa Alhamisi niliporudi kutoka dukani nikaliona. Tumba lilikuwa limevimba, jeupe, na kile kichwa kilichokuwa kikining'inia kilikuwa kimejiinua kama mtu aliyeitwa. Ncha ilikuwa imeanza kulegea. Mke wangu alikuwa mlangoni pa chumba cha kulala, mtoto begani.

"Leo?" akauliza.

"Leo."

"Basi toa."

Nilifungua kamba nilizofungia vijiti, moja baada ya nyingine. Nikainua ndoo taratibu kama mtu anayebeba uji wa moto, nikatoka kinyumenyume. Mtoto aliniangalia bila kuuliza kitu, na hilo peke yake lingepaswa kunishtua, kwa sababu yeye huuliza kila kitu. Nikaiweka ndoo kwenye koridoo, chini ya mabati, upande usiofikiwa na manyunyu.

Mkabala na mlango wetu anaishi mama mzee ambaye mtoto humwita shosho, na sisi pia. Jioni ile alikuwa ameinjika githeri, mahindi na maharagwe, kwenye jiko la makaa, hapo hapo koridoo, kama alivyozoea. Makaa yalikuwa na unyevu. Moshi ulikuwa umejaa na upepo ulikuwa unausukuma kwetu. Mlango nilikuwa nimeuacha wazi.

Mke wangu akatoka. Katika miaka yote tuliyoishi pale sikuwahi kumsikia akimpandishia shosho sauti.

"Shosho, huu moshi unaua mtoto! Kila siku! Kila siku huu moshi!"

Shosho alimtazama. Akafunga kanga yake kiunoni, akashika sufuria kwa matambara, akaiteremsha ngazi hadi uani. Akarudi kwa hatua zake nzito, akabeba na jiko. Nilitaka kumfuata nimsaidie, lakini ndani mtoto alikuwa ameanza.

Kikohozi kilibadilika kikawa mluzi. Tulimpa inhela, tukangoja, tukampa tena. Kwa kawaida baada ya muda mabega hushuka. Hayakushuka. Alikuwa ameketi ameinamia mbele, mikono magotini, ngozi ya kati ya mbavu ikizama kila alipovuta. Alijaribu kusema "mama" ikatoka nusu.

"Twende," mke wangu akasema. Alikuwa ameshamfunga blanketi.

Nilikimbia hadi barabarani kutafuta tuktuk. Nilipopita koridoo sikuliangalia ua. Nakumbuka hilo kwa sababu mguu wangu uligusa ndoo na sikugeuka. Mlango hatukuufunga kwa ufunguo. Nilimwona shosho anapanda ngazi, akaniashiria kwa mkono niende tu.

Ndani ya tuktuk simu ilianza kutikisika mfukoni. Nilijua ni nani. Jioni, nilipoliona tumba limelegea, nilikuwa nimemwandikia dada kwamba huenda ikawa leo. Simu ikatikisika, ikanyamaza, ikatikisika tena. Mke wangu alikuwa anamwambia mtoto, "Vuta, mama. Toa. Vuta tena. Toa." Dereva alikuwa anapita mashimo kwa uangalifu na mimi nilitaka kumpigia kelele aache uangalifu. Simu ikatikisika mpaka ikachoka.

Hospitalini walimpokea haraka. Wakamvika kinyago cha plastiki kilichounganishwa na mashine ya mvuke wa dawa, ikanguruma pembeni ya kitanda. Daktari alikuwa msichana mdogo, macho yamechoka. Alisikiliza mgongo wa mtoto, kisha akatuuliza.

"Nyumbani mna paka? Mnapikia makaa? Kuna vumbi, rangi mpya, maua?"

Mke wangu aligeuka akanitazama.

"Kuna ua moja," nikasema. "Lakini lilikuwa halijafunguka. Nililitoa nje likiwa bado limefunga. Na kulikuwa na moshi wa jirani. Na ana mafua tangu wiki jana."

"Inaweza kuwa yoyote," daktari akasema. "Inaweza kuwa yote pamoja. Mara nyingi hata sisi hatujui."

Nilitegemea atasema ni moshi. Nadhani mke wangu alitegemea atasema ni ua. Tuliketi kila mtu upande wake wa kitanda tukiangalia kinyago kikijaa mvuke na kuisha. Wakamwekea dawa mara ya pili, kisha ya tatu. Kuna wakati nilisikia mluzi umepungua, nikaogopa kufurahi kwa sababu daktari alikuwa ametuonya kwamba mtoto akichoka sana pia hunyamaza. Nikamwita muuguzi. Akaja, akasikiliza, akasema, "Hapana, huyu anafunguka. Angalia mabega." Mabega yalikuwa yameshuka.

Mke wangu aliweka kichwa kwenye godoro, karibu na miguu ya mtoto, akalia bila sauti. Nilizunguka kitanda nikasimama nyuma yake, nikamwekea mkono begani. Hakuuondoa.

Baadaye nilitoka kwenye veranda ya wadi nikampigia dada. Alichukua kabla haijalia.

"Nimekupigia, nimekupigia," akanong'ona. "Imefunguka? Mbona giza? Washa kamera."

"Tuko hospitali."

"Nani?"

"Mtoto. Kifua."

Nilimsikia akikaa chini. Kulikuwa na mlio wa kitu cha bati.

"Anapumua?"

"Anapumua. Sasa anapumua vizuri."

"Mshukuru Mungu. Mama yake yuko aje?"

"Amechoka."

"Ni ile maua?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Niambie ukweli. Ni maua yangu imemfanya hivyo?"

"Hawajui. Ilikuwa haijafunguka."

"Itupe. Ukifika nyumbani, itupe. Mimi sitauliza."

Nilimwambia tutaongea. Hakuniuliza tena kuhusu ua, na mimi sikulitaja.

Walituruhusu asubuhi, manyunyu yakiwa bado yanaanguka. Mke wangu alipanda ngazi mbele na mtoto, mimi nyuma na dawa. Shosho alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni petu, shuka mabegani. Kando yake ilikuwa ndoo. Ua lilikuwa limekwisha. Lilining'inia limejifunga, limelowa, kama shingo ya kuku aliyenyonyolewa.

Shosho hakuliangalia. Alimwangalia mtoto, akamgusa shavu kwa kidole.

"Amerudi," akasema.

"Amerudi," mke wangu akajibu. Kisha akasema, "Shosho, jana nilikupigia kelele."

"Ulinipigia. Mlaze kwanza."

Mke wangu akaingia ndani. Shosho akanigeukia.

"Nililiona," akasema. "Nilipanda kuchukua mwiko wangu, nikadhani mtu amemwaga pafyumu. Nikaita wale wa chini. Wakaja na tochi za simu, wakaangalia, wakapiga picha zao na wakaenda kulala. Mimi nikabaki. Nilisema wenyewe wako hospitali na mlango uko wazi, na hili nalo limefunguka halina mtu. Nikaketi."

"Usiku kucha? Na baridi hii?"

"Nilikuwa naomba. Kuomba hakuna baridi."

Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya, isipokuwa kwamba sikuwa nimelala. Nilimpigia dada. Alipochukua nilimwambia, "Kuna mtu aliyeliona," nikampa shosho simu.

Shosho alianza kwa Kiembu, dada akamjibu kwa Kimeru. Lugha hizo si moja lakini ni za majirani, na mtu akitaka kuelewa anaelewa. Watu hao wasiojuana waliongea muda mrefu. Shosho alionyesha kwa mikono ingawa dada hakuweza kumwona: upana huu, petali nyembamba nje na pana ndani, na katikati kitu kama nyota kinachosimama juu ya nyuzi nyingi. Alisema lilikuwa likitikisika likifunguka, kidogo kidogo, kama kitu kinachopumua. Hapo akasita, akaniangalia, akaendelea. Kwa upande wa pili nilisikia dada yangu anacheka na kulia. Kisha akasema lazima akate, mwenye nyumba ameamka.

Mmea sikuutupa. Mke wangu ndiye aliyesema ubaki, mradi ubaki nje, na mwenyewe alisaidia kuusukuma hadi penye mwanga mzuri wa koridoo. Shosho siku hizi anapikia uani, amewekewa kibanda cha mabati na vijana wapangaji wa ploti. Kifua cha mtoto hakikupona. Kimetulia, kisha kinarudi, na mpaka leo hatujui kinachokiamsha. Tumejifunza kukaa tayari, begi la hospitali likiwa nyuma ya mlango.

Dada alirudi mkataba wake ulipoisha. Alikuwa amekonda, na kwa wiki kadhaa alikuwa akishtuka mtu akifungua mlango. Alikaa kwetu kwa muda kabla ya kwenda nyumbani Laare kwa mama. Na kwa bahati mmea ukatoa tumba moja wakati akiwa kwetu.

Jioni lilipoanza kulegea tulitoka, dada, shosho na mimi. Mtoto alilia mpaka akaruhusiwa kusimama kizingitini, amefungwa skafu puani na mdomoni. Mke wangu alipiga magoti nyuma yake, inhela mkononi, kifuniko chake kimeshafunguliwa. Ua likafunguka. Dada alikuwa amejishika mdomo kwa mikono miwili. Shosho alikuwa anamwambia kwa sauti ya chini, unaona, si nilikwambia.

Mimi nilikuwa namtazama mke wangu. Hakuliangalia ua hata mara moja. Alikuwa ameweka kiganja mgongoni mwa mtoto, akisikiliza kwa mkono.

"Umeona?" akamuuliza.

"Nimeona."

"Limetosha. Ingia ndani."

Akamwingiza, akafunga mlango, akaziba uwazi wa chini kwa taulo. Tulibaki nje watatu, ua mbele yetu na harufu imejaa koridoo. Tulikuwa tumetega masikio mlangoni.

Hakukohoa.